Vipande Saba Visivyokutana

Efo Dotse, yaani Kaka Dotse kwa lugha yetu, hakuweza kukaa. Nianzie hapo hapo, maana mfumaji asiyeweza kukaa ni sawa na mpishi asiyevumilia moshi. Ataketi kwenye ubao wake, atashika kamba za kanyagio kwa vidole vya miguu, atagonga kitana cha kubania nyuzi mara kumi, kumi na tano, kisha utamwona anainua paja la kushoto. Halafu la kulia. Halafu huyo kasimama, kashika nguzo ya banda, anaangalia barabara ya Kpetoe kama vile kuna mtu kamwahidi kuja. Hakuna aliyekuwa anakuja. Ni mgongo tu.

Mgongo ule ulikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kuinamia nyuzi. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka mguu wa kushoto mpaka kisigino, na siku za upepo mkavu wa Januari yaliwaka kama pilipili mbichi kwenye jeraha. Kila aliposimama, Worlanyo, aliyefuma ubao wa jirani, alikuwa na lake la kusema.

"Efo, una mchwa kwenye suruali?"

"Mchwa wangu wana adabu kuliko ulimi wako."

"Basi waambie wakae, na wewe ukae. Unanipepea vumbi."

Tulicheka. Na yeye alicheka, huku amekunja uso.

Mimi si mfumaji. Mimi nashona. Mfumaji wa kwetu hafumi nguo nzima kwa mkupuo. Anafuma kipande chembamba, upana wa kiganja, kirefu kama chumba na ukumbi wake, kisha kingine, na kingine. Vikitimia vinaletwa kwangu niviunganishe ubavu kwa ubavu kwa cherehani. Kila kipande kina madirisha yake ya rangi, na dirisha la hiki lazima litazamane na dirisha la kile. Likipishana hata kwa unene wa kidole, nguo nzima inaonekana kama mtu aliyefunga vifungo vya shati vibaya. Ndiyo maana vipande vya nguo moja hufumwa na mtu mmoja. Mikono ya watu wawili haigongi kitana sawa, hata wawe mapacha.

Sasa wazee wakamchagua dada mkubwa wa Dotse, Kafui, awe mama mkuu wa kitongoji chetu, mwenye kiti chake na mwamvuli wake. Dada Kafui ni mwanamke anayeuza akple, ugali wetu wa mahindi na muhogo, na mchuzi wa bamia, na sauti yake inafika kabla ya sufuria. Alikuja bandani siku hiyo hiyo.

"Dotse! Nguo ya mama yetu alifuma baba, peke yake, kipande cha kwanza mpaka cha mwisho. Yangu utafuma wewe, peke yako. Vipande kumi na sita. Nikisikia Worlanyo kaigusa, naitandika kwenye banda la mbuzi."

"Mimi nimekukosea nini, dada?" Worlanyo akauliza.

"Bado. Ndiyo maana nakuonya mapema."

Alipoondoka, Dotse alitazama ubao wake kwa muda mrefu. "Kodzo," akaniambia, "nguo hii nitaifuma hata nikiwa nimelala kifudifudi."

Kesho yake akaenda hospitali. Alipigwa picha. Dokta Enyonam, binti kijana ambaye baba yake naye ni mfumaji kule Agbozume, akamwonyesha pingili mbili za mgongo zilizobanana. Akampa vidonge vyeupe vya tramol vya kutuliza maumivu, vidogo: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku ishirini. Akamfundisha na namna ya kujinyoosha, akamwambia asikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka, na vidonge vikiisha arudi wazungumze kabla ya kumeza kingine chochote. Dotse vidonge alivimeza. Maneno aliyaacha mezani.

Siku zile ishirini alifuma vipande vitatu vya kwanza, vizuri kabisa. Maumivu hayakuisha, lakini yalirudi nyuma hatua chache, kama mbwa aliyerushiwa jiwe. Kule hospitali alirudi mara mbili, akapewa tena, akafikisha vipande tisa. Mara ya tatu Dokta akamwambia sasa tuanze kupunguza. Dotse alikuja amenuna.

"Anasema nipunguze. Mgongo umemwambia kwamba na wenyewe unapunguza?"

Hakurudi tena hospitali. Siku ya soko akaenda kwa Agbesi wa Sanduku, yule anayeuza dawa kwenye sanduku la mbao nyuma ya pikipiki yake, kati ya betri na sumu ya panya. Agbesi ana tramol ya rangi, kali mara nne kuliko ile nyeupe, na haulizi swali hata moja.

Niseme ukweli: tulifurahi. Dotse alikaa! Alikaa asubuhi mpaka mchana, mchana mpaka jua linashuka, kitana kinagonga tap, tap, tap, bila kuinuka. Mbali mbele yake, mwisho wa nyuzi, kuna jiwe juu ya kigari cha mbao linalozivuta zikaze. Mfumaji akifuma, nguo anaikunja tumboni na jiwe linamsogelea polepole juu ya mchanga. Zamani jiwe la Dotse lilisogea kama kobe. Sasa lilimjia kama mdai wako aliyekuona kwa mbali. Worlanyo akasema, "Huyu kapona au kaolewa na ubao?"

Lakini chakula hakukigusa. Dada Kafui alirudishiwa bakuli alilompelekea likiwa limejaa, akanung'unika. Dotse alijikuna pua, akajikuna shingo, alitoka jasho kivulini. Na zilikuwepo saa, hasa kabla ya saa nne asubuhi, ambapo alipiga miayo kumi mfululizo, machozi yakamtoka, akazunguka banda mara tatu, akaingia nyuma ya choo, akatoka, na baada ya muda kidogo akatulia kama maji kwenye mtungi. Kidonge kimoja kilikuwa kimekuwa viwili, viwili vikawa vitatu. Tuliona yote hayo. Kila mmoja alisubiri mwenzake aseme.

Vipande vyote kumi na sita vikaja kwangu wiki tano na siku chache kabla ya sherehe ya kumkalisha Dada Kafui kwenye kiti chake. Nikavitandaza sakafuni. Tisa vya kwanza vilitazamana kama wanakwaya. Nikaweka cha kumi. Dirisha la kwanza sawa. La pili likapungua kidogo. La tano likawa limepishana nusu kidole, na mwisho wa kipande rangi nyekundu ilikuwa inatazama weupe. Cha kumi na moja, vivyo hivyo. Nikavigeuza, nikavilowesha, nikavipiga pasi, nikalaumu uzi, nikalaumu upepo mkavu. Nikatembeza kidole gumba juu ya kipande. Mahali pengine palikuwa pamegongwa kwa nguvu hadi pamekuwa pagumu kama kanda la ngozi. Shubiri tatu mbele pamelegea, mwanga unapita. Halafu pagumu tena. Mara tatu kwa siku, kigumu. Kati yake, laini. Nguo ilikuwa imeandika kila kidonge alichomeza.

Vipande saba havikukutana na chochote, hata vyenyewe kwa vyenyewe.

Siku mbili sikumwita. Nilishona sare za shule, nikazishona vibaya, nikazifumua. Siku ya tatu nikaenda kumwita.

Alisimama mlangoni, akavitazama pale sakafuni. "Cherehani yako imekula nguo yangu."

"Sijashona hata mshono mmoja, Efo."

"Basi umevivuta."

"Piga magoti, uguse."

Hakupiga magoti. Akatoa kamba yake ya kupimia mfukoni, akapima dirisha la kipande cha nne, akapima la cha kumi na mbili. Akapima tena. Kisha akainama, mgongo wake ule, akapitisha kidole gumba polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na mimi nikaangalia pembeni, kwa sababu kuna mambo mtu hapaswi kutazamwa akiyasoma.

"Hapa nilikuwa nimemeza," akasema. "Hapa vilikuwa vimeisha. Hapa nilimeza viwili." Akarudisha kidole mwanzo wa kipande. "Mkono wangu haukusikia chochote, Kodzo. Nilidhani nafuma vizuri kuliko siku zote."

Alikwenda nyumbani, akachukua vyote vya Agbesi vilivyobaki, akavimimina chooni. Alikuja kunitangazia kama mtu aliyeua nyoka. Nami, mjinga, nikampa mkono wa pongezi.

Siku ya pili miguu yake ilianza kucheza. Hakuwa amekaa kwenye kanyagio. Alikuwa amelala juu ya mkeka uani kwa dada yake, na miguu inapiga teke hewani, yenyewe. Ngozi imemsimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kamasi, machozi, tumbo linaendesha. Anasimama, analala, anasimama. Na mgongo, uliokuwa umenyamazishwa miezi yote ile, ukarudi na ndugu zake wote.

"Nani kamloga?" Dada Kafui akauliza. Mwiko ulikuwa bado mkononi, unadondosha mchuzi. "Kodzo, usinitazame kama mbuzi. Mdogo wangu ana nini?"

Nikamwambia. Nilitegemea atapiga kelele mpaka Togo wasikie. Akakaa chini. "Nguo yangu," akasema, "ndiyo imemfanya hivi?"

"Si nguo, dada," Dotse akasema kutoka mkekani, meno yanagongana. "Na usiniletee huruma. Niletee ndoo."

Siku ya tatu tukampakia kwenye gari la mpwa wake, tukampeleka. Nilidhani Dokta Enyonam atamkaripia. Alimpima, akamsikiliza, akavuta kiti karibu.

"Nani alikwambia uache ghafla?"

"Aibu."

"Aibu haijasomea udaktari. Baba, ukiwa na mtande wa nyuzi umevutwa na jiwe, ukataka kuuondoa, unafanyaje? Unakata uzi kwa wembe?"

Dotse, pamoja na hali ile, alishtuka kama aliyetukanwa. "Ukikata, nyuzi zote zinaruka nyuma, zinasokotana. Huzifungui tena. Unasogeza jiwe mbele kidogo kidogo, hadi zilegee."

"Ehe. Mwili wako umevutwa miezi mitatu. Tutasogeza jiwe."

"Mimi sitaki tena kuviona. Au nipone, au niache kabisa."

"Mgongo wako ni mgonjwa kweli, sikukuambia unajifanya. Nikikunyima kila kitu utarudi kwa yule wa pikipiki, nami sijui anachouza ndani ya zile rangi. Siku moja kitakuangusha na kifafa. Nikikupa kila unachoomba, mwisho nitakuzika ukiwa umekaa wima kwenye ubao. Kwa hiyo kila wiki tutapima: dawa inakusaidia kufanya nini, na inakunyang'anya nini. Ikinyang'anya zaidi, tunashuka."

Dotse akafikiri, mguu unaruka chini ya meza. "Nina kipimo," akasema. "Vipande vyangu tisa vya kwanza. Nilikuwa nameza kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mkono ulikuwa wangu."

Dokta akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali. "Basi hapo ndipo tutasimama kwanza," akasema. "Si mwisho wa safari, ni pa kupumzikia. Lakini nguo haitaniambia kama unalala na kama unapata choo. Hayo utaniambia mwenyewe, bila kuona haya. Na vidonge atavitunza nani?"

Wote wakanigeukia mimi.

Ndivyo droo ya cherehani yangu ilivyopata kufuli. Wiki ya kwanza nilimpa vyeupe vya Dokta, vingi kidogo, kwa saa zilizopangwa. Ya pili vikapungua. Dokta alikuwa ameandika kila siku kwenye karatasi. Dada Kafui alimkanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto, akimtukana kwa kila mkandamizo. Na Dotse akatafuta namna ya kuinuka asiyoweza kuisahau: kila jiwe liliposogea hatua moja, aliachia kitana, akatembea mpaka kwenye jiwe, akaligusa, akarudi. Siku nzima, kwenda na kurudi. Worlanyo akasema banda limekuwa stendi ya mabasi. Lakini siku moja nilimkuta Worlanyo, Dotse akiwa hayupo, amelisawazishia lile jiwe njia, anaokota vikokoto mchangani.

Kila jioni Dotse alifuma shubiri moja ya majaribio, akaja kuiweka kando ya kipande cha tisa. Fupi. Fupi. Ndefu, maana sasa alikuwa dhaifu. Fupi. Siku ya kumi na tatu dirisha likakaa juu ya dirisha. Alizunguka cherehani yangu mara mbili, akaenda kuanza kipande cha kumi.

Zilibaki siku kumi na tisa na vipande saba.

Alifuma vinne. Usidhani alikuwa ametulia. Alifuma kama mtu anayekimbizwa na miguu yake mwenyewe, anagonga, anainuka, anatembea, anarudi, analalamika. Halafu, zikiwa zimebaki siku saba, baridi ya alfajiri ikamkamata kiuno. Aliingia kwangu mchana kweupe, amejishika ukuta.

"Kodzo, nipe viwili zaidi. Vya leo tu."

"Karatasi inasema kimoja jioni."

"Karatasi haina mgongo."

"Efo, twende kwa Dokta."

"Leo Jumamosi, hayupo mpaka Jumatatu. Nikipoteza siku mbili, dada anakaa kwenye kiti chake na kitenge cha dukani, mbele ya machifu wote. Nakuomba. Mimi ndiye niliyekushika mkono ulipomzika mkeo. Nakuomba."

Nilikuwa na ufunguo shingoni. Mtu anakuambia "nakuomba" mara mbili, mtu uliyemheshimu tangu ukiwa na pua chafu, na jasho linamdondoka kidevuni. Nikafungua droo. Nikampa.

Kitana kikaanza kugonga. Tap, tap, tap. Nilikisikia kutoka cherehanini, na hakikusimama. Hakwenda kuligusa jiwe hata mara moja. Nikashona mshono mmoja, nikautazama, nikausahau.

Kabla jua halijashuka kikanyamaza. Dotse akaja na kipande kimekunjwa mkononi. Safari hii alipiga magoti mwenyewe, akakilaza kando ya cha tisa, akapitisha kidole gumba. Sikuhitaji kuuliza.

"Usinipe tena," akasema. "Hata nikilia. Hata nikikutajia mazishi ya mkeo. Ile nilijua ninachofanya nilipoitaja."

"Nami nilijua, nikakupa."

"Basi tuko wawili."

Akachukua wembe, akaanza kufumua. Alifumua mpaka mwanga ukaisha, na alfajiri tena. Ilipofika mahali akasimama, akahesabu siku kwa vidole. Yalibaki madirisha manne yaliyobana. Akiyafumua na hayo, kipande cha mwisho hakitapatikana. Aliyaacha. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa Dokta Enyonam kumweleza. Alinisema kwa dakika kumi, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele. Kisha akanipa namba yake ya simu ya siku za Jumamosi.

Kipande cha kumi na sita kilifika kwangu asubuhi, siku moja kabla ya sherehe, bado kina joto la tumbo lake. Nikaunganisha.

Siku yenyewe Dada Kafui alitoka akiwa amejifunga ile nguo, mwamvuli juu yake, ngoma mbele. Nyekundu ilitazama nyekundu, kijani ilitazama kijani, kuanzia bega mpaka kifundo cha mguu. Wanawake wa soko walipiga vigelegele. Ni chini ya kwapa la kushoto tu, akiinua mkono kupunga, ndipo madirisha manne yanapishana kwa unene wa uzi. Nilimwambia Dada Kafui ukweli nilipompelekea. Alipapasa pale, akasema, "Hapa pakae hivyo hivyo," akaenda kujaribu mikufu yake.

Wageni wote walikaa vitini, machifu, wachungaji, hata Worlanyo ndani ya joho la kuazima. Dotse peke yake alikuwa anatembea, anazunguka turubai kwa nje, mkono kiunoni, anapita, anapotea, anatokea upande wa pili. Aliponipita mara ya nne nikamwuliza kama mgongo unauma.

"Unauma."

"Sana?"

"Kiasi." Akatazama kule kwenye kiti, dada yake akiinua mkono kuwapungia watu. Akatazama pembeni haraka. "Jumatatu Dokta anataka cha jioni kiwe nusu."

"Utaweza?"

"Sijui, Kodzo. Nitaanza kipande kingine, kifupi, tuone mkono unasemaje." Dada Kafui alikuwa amemwona, na kwa sauti ile ile ya kuuza akple, juu ya ngoma na machifu, akaita, "Dotse! Kaa chini, unanitia kizunguzungu!" Watu wakacheka. Dotse akamwinulia mkono, akasema, "Nakuja, nakuja," akaendelea kutembea.

Aliponipita mara ya tano akasimama kidogo. "Ni saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Cha jioni ni saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili," nikasema, na mkono wangu ukaenda wenyewe shingoni kushika ufunguo.

Akatikisa kichwa kukubali, akaanza mzunguko mwingine.